Binti wa Kasisi na Lakabu Yake

Mwezi wa Machi mwaka 1837, mwalimu mmoja wa shule ya wasichana katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, alipokea barua aliyoingojea kwa zaidi ya miezi miwili. Mwalimu huyo alikuwa hajatimiza miaka 21. Aliyemwandikia ni Robert Southey, mshairi wa Mfalme, mtu aliyekuwa na cheo na heshima katika fasihi ya Kiingereza ya siku hizo. Binti alikuwa amempelekea mashairi yake na kumwomba nasaha. Southey alimjibu kwa upole, akakiri kuwa kipaji anacho. Lakini akamwambia wazi kuwa utunzi si shughuli ya maisha ya mwanamke wala haifai kuwa, na kwamba kadiri atakavyojishughulisha na wajibu wake hasa, ndivyo atakavyokosa nafasi ya mambo hayo.

Binti hakugombana naye. Alimjibu kwa unyenyekevu mkubwa, kisha barua ile akaiweka, na juu yake akaandika kuwa hii ni nasaha ya kuhifadhiwa milele. Akaihifadhi kweli. Ama kuifuata, hilo ni jambo jingine. Miaka kumi baadaye watu wa London walikuwa wakiulizana ni nani huyo Currer Bell aliyetunga riwaya ya Jane Eyre, ni mwanamume au ni mwanamke? Southey alikuwa kaburini tangu mwaka 1843, na hakupata kujua kuwa Currer Bell ni yule yule mwalimu aliyemnasihi aiweke kalamu kando.

Jina lake hasa ni Charlotte Brontë, aliyezaliwa tarehe 21 Aprili 1816 katika kijiji cha Thornton. Jina hilo nalo lina kisa chake. Baba yake, Patrick, alikuwa mtoto wa mkulima maskini wa Ireland, na kwao ukoo waliuita Brunty au Prunty. Kijana huyo alijisomesha kwa taabu mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1802, na huko jina likageuka likawa Brontë, na hatimaye likavikwa nukta mbili juu ya herufi ya mwisho. Kwa nini nukta? Ili watu waitamke herufi hiyo, wasiimeze. Sisi tuliopitia chuoni twajua kuwa nukta si pambo. Moja chini ni be, mbili juu ni te, tatu juu ni the. Ukizisahau, neno limekwisha kuwa neno jingine. Msomaji aziweke nukta hizi mbili akilini.

Mwaka 1820 Patrick alipewa kanisa la Haworth, kijiji cha wafuma sufi kilichopandana na kilima, nyuma yake nyika tupu ya baridi na upepo. Nyumba ya kasisi ilikuwa imepakana na makaburi. Hali ya afya ilikuwa mbaya kiasi kwamba mkaguzi wa serikali aliyefika mwaka 1850, Benjamin Babbage, alikuta wastani wa umri wa watu kufa hapo ni miaka 25 na kitu, na watoto zaidi ya 40 katika kila 100 walikuwa hawafikishi miaka sita. Mauti, basi, hayakuwa mgeni katika nyumba ile. Mama yao alifariki mwaka 1821, akaacha watoto sita, mkubwa ana miaka saba. Mwaka 1824 wasichana wanne walipelekwa shule ya bweni ya mabinti wa makasisi huko Cowan Bridge. Chakula kibovu, vyumba baridi, viatu majimaji. Dada wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walirudishwa nyumbani wagonjwa wa kifua kikuu, wakafa mmoja Mei na mmoja Juni mwaka 1825. Charlotte alikuwa na miaka tisa. Hakusahau wala hakusamehe. Miaka ishirini na zaidi baadaye aliijenga shule ile upya katika riwaya yake akaiita Lowood, na msimamizi wake akamchora kwa namna ambayo watu waliomjua mwenyewe walimtambua mara moja.

Waliobaki ni wanne: Charlotte, Branwell ambaye ndiye mvulana wa pekee, Emily na Anne. Mwaka 1826 baba alimletea Branwell askari wa mbao wa kuchezea. Kila mtoto akachukua wake akampa jina, na kutokana na askari wale wakaanza kubuni nchi nzima, wakiandika vijitabu vidogo vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, kwa herufi ndogo mno. Nchi yenyewe waliiweka wapi? Afrika! Walitazama ramani, wakachagua pwani ya Afrika Magharibi, wakaujenga mji wao hapo na kuwapiganisha mashujaa wao wa Kiingereza na Waashanti. Kwa watoto hawa, bara letu lilikuwa uwanja mtupu wa kuchezea ndoto. Tusiwalaumu watoto, lakini jambo hili tulikumbuke, maana litatokea tena katika kitabu kikubwa.

Binti wa kasisi asiye na mali alikuwa na njia moja tu ya kula kwa jasho lake bila ya kuvunjiwa heshima, nayo ni kufundisha watoto wa wenye nacho majumbani mwao. Si mtumishi, si jamaa. Halali jikoni wala hakaribishwi sebuleni. Charlotte aliifanya kazi hiyo akaichukia. Mwaka 1841 alilipwa pauni 20 kwa mwaka, na katika hizo akakatwa pauni nne za dobi. Mwaka uliofuata alikwenda Brussels kujifunza Kifaransa ili afungue shule yake mwenyewe. Huko moyo wake ulimwelekea mwalimu wake, Constantin Heger, mwenye mke na watoto. Barua alizomwandikia zilitangazwa gazetini London mwaka 1913, na wako waliofurahi kuzisoma. Mimi naona aibu ya marehemu ilistahili kusitiriwa. Itoshe kusema alirudi kwao mwaka 1844 na huzuni, akatangaza shule yake, na hakuja hata mwanafunzi mmoja.

Hapo ndipo kalamu ilipochukua nafasi yake. Mwaka 1845 Charlotte aliliona daftari la mashairi ya Emily, akalisoma bila ya idhini. Emily akakasirika sana. Lakini Charlotte alikwisha kujua kuwa hayo si mashairi ya kufungia kabatini. Wakakusanya ya wote watatu, wakamlipa mchapishaji pauni 31 na shilingi 10 kutoka urithi mdogo wa dada wa mama yao aliyewalea, na kitabu kikatoka mwaka 1846. Katika mwaka mzima ziliuzwa nakala mbili. Mbili tu!

Juu ya kitabu hakukuwa na jina la Brontë. Walijichagulia lakabu, kila mmoja akibaki na herufi za mwanzo za jina lake: Charlotte akawa Currer Bell, Emily akawa Ellis Bell, Anne akawa Acton Bell. Majina hayo si ya kike wazi wala si ya kiume wazi. Baadaye Charlotte alieleza kuwa hawakutaka kujiita wanaume, dhamiri iliwakataza. Lakini walikwisha kuona kuwa mwanamke akitunga, wahakiki humpima kwa ratili nyingine, mara humchapa kwa sababu ni mwanamke, mara humsifu sifa ambazo si sifa.

Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kufundishwa maana ya lakabu. Malenga wetu wamezitumia miaka yote, na wako mabibi waliotuma mashairi magazetini kwa lakabu ambazo hata majirani zao hawakuzing'amua. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, jina lake limebaki. Lakini nyimbo ngapi za harusini tunaziimba, zimetungwa na wanawake, na hakuna amjuaye mwenyewe? Lakabu humsitiri mtu, na pia yaweza kumfuta. Kina Brontë waliyajua yote mawili, kama tutakavyoona.

Mashairi yakashindwa, wakageukia riwaya, maana ndiyo iliyokuwa na soko. Ya Emily, Wuthering Heights, na ya Anne, Agnes Grey, zilipokelewa na mchapishaji mmoja wa London, Thomas Newby, kwa sharti kuwa watoe pauni 50 kwanza. Ya Charlotte, The Professor, ilikataliwa kila ilipokwenda. Naye, kwa kutojua mambo ya dunia au kwa kubana matumizi, kila iliporudi alifuta jina la mchapishaji juu ya karatasi ile ile ya kufungia, akaandika jina la mwingine, akaipeleka tena. Kwa hivyo kila aliyeipokea aliona orodha ya wote waliokwisha kuikataa. Ilipofika kwa kampuni ya Smith, Elder, nao waliikataa, lakini walimwandikia barua ya staha wakamwambia kuwa kazi ndefu zaidi wangeitazama. Alikuwa nayo, inakaribia kwisha. Aliituma mwezi wa Agosti 1847. Kijana mwenye kampuni, George Smith, aliianza asubuhi ya Jumapili, akavunja ahadi ya kwenda kupanda farasi na rafiki yake, akala huku anasoma, na hakulala mpaka alipoimaliza. Oktoba ilikuwa madukani. Malipo yake yalifikia pauni 500, yaani mshahara wa ualimu wa nyumbani wa miaka 25.

Kisa cha Jane Eyre ni cha yatima asiye na uzuri wala mali, anayeonewa na mke wa mjomba wake, akasomeshwa Lowood, kisha akaajiriwa kufundisha mtoto katika jumba la bwana mmoja tajiri, Rochester. Mwenye nyumba na mwajiriwa wake wakapendana. Siku ya ndoa, wakiwa kanisani, akatokea mtu akasema ndoa haiwezi kufungwa: bwana huyu ana mke, yu hai, amefungiwa ghorofa ya juu ya jumba lile lile kwa sababu ya wazimu.

Najua msomaji wangu wa Lamu au Kisauni atauliza: ajabu iko wapi? Kwani mke wa pili ni kioja? Lakini tusiharakishe. Kwa sheria ya nchi yao na dini yao, ndoa hiyo ni batili. Na kwa sheria yetu sisi pia Rochester asingepona, kwani alimficha bibi mmoja mambo ya mwenziwe, na yule wa kwanza alimnyima haki na hadhi akamweka kama mfungwa. Kisha Rochester anambembeleza Jane waende wakaishi Ufaransa pasi na ndoa, hakuna atakayejua. Jane anampenda. Hana baba, hana ndugu anayemjua, hana hata mtu mmoja duniani atakayeaibika kwa ajili yake. Na anakataa, kwa sababu yeye mwenyewe anajijali, na kadiri alivyo peke yake ndivyo anavyozidi kujiheshimu. Anatoroka usiku na vijisenti vichache, anafika hadi ya kuomba makombo ya nguruwe. Ukurasa huo hauna dini moja. Baadaye anarithi pauni 20,000 za ami yake, na jambo la kwanza analofanya ni kuzigawa mafungu manne sawasawa na watoto wa shangazi yake waliomwokoa na njaa.

Sasa turudi ghorofani. Yule mke mwenye wazimu, Bertha, ametoka Jamaica, binti wa mwenye mashamba ya huko, na Rochester alimwoa kwa pauni 30,000. Mashamba ya Jamaica yalilimwa na watumwa, na watumwa hao walitoka bara hili. Katika riwaya nzima Bertha hapewi nafasi ya kusema neno hata moja la maana. Anacheka, ananguruma, anauma. Charlotte, aliyejua vyema uchungu wa kunyamazishwa, alimnyamazisha mwanamke wa koloni bila ya kupepesa macho. Sisi tuliotawaliwa hatuwezi kupita hapo kama hatukuona. Ilichukua karibu miaka 120 hata mwanamke mwingine, Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, akampa Bertha ulimi katika riwaya yake Wide Sargasso Sea ya mwaka 1966. Nampenda Charlotte, lakini katika hili kesi yake ni ngumu kuitetea.

Riwaya ilisomwa kwa pupa. Malalamiko nayo hayakukawia. Desemba 1848 jarida la Quarterly Review lilitoa makala yaliyosema kuwa kitabu si cha Kikristo, na kwamba ikiwa mtunzi ni mwanamke, basi huenda ni mwanamke aliyekwisha kujikosesha kukaa na wanawake wenzake. Makala yenyewe hayakuwa na jina. Aliyeyaandika alikuwa mwanamke, Elizabeth Rigby. Hapo ndipo uonapo hali ilivyokuwa: bibi mmoja amejificha nyuma ya lakabu, na bibi mwingine, amejificha nyuma ya kutokuwa na jina kabisa, anamrushia mawe.

Lakini miezi mitano kabla ya hapo, lakabu ilikuwa imekwisha kuleta mtihani wa kweli. Newby, kwa tamaa ya fedha, alimwambia mchapishaji wa Marekani kuwa kina Bell wote ni mtu mmoja, na kwamba riwaya mpya ya Anne ni ya mtunzi wa Jane Eyre. Kampuni ya Smith ikamwandikia Currer Bell kumuuliza: vipi, umetuvunjia ahadi? Barua ilifika Ijumaa tarehe 7 Julai 1848. Charlotte hakustahimili kudhaniwa mwongo. Jioni ile ile yeye na Anne walikwenda kwa miguu mpaka kituo cha Keighley huku dhoruba inawapiga, wakapanda gari la moshi la usiku, na asubuhi wakawa London. Emily alikataa kwenda. Walipoingia ofisini mwa kampuni, Smith aliwakuta wanawake wawili wadogo wa umbo, nguo za kizamani, mmoja amevaa miwani. Charlotte akampa barua mkononi. Smith akaitazama, akamuuliza kwa ukali kidogo ameipata wapi. Akamjibu kuwa ameitoa posta, kwani aliandikiwa yeye. Hivyo ndivyo Currer Bell alivyojitambulisha. Hakutaka sifa, alitaka tu isisemwe kuwa amekula amana ya watu. Emily alipojua kuwa siri yake naye imetoboka, alikasirika tena.

Hawakupata nafasi ya kugombana sana. Branwell, aliyekwisha kuharibika kwa ulevi na kasumba, alifariki tarehe 24 Septemba mwaka ule ule. Emily alipata homa, akakataa daktari, akafa tarehe 19 Desemba, ana miaka 30. Anne alifuata tarehe 28 Mei 1849 huko Scarborough, alikopelekwa kuvuta hewa ya bahari, akazikwa huko huko. Miezi minane, ndugu watatu.

Zamani, kila usiku baada ya baba kwenda kulala, mabinti wale walikuwa na desturi ya kuizunguka meza ya chumba cha kulia, wakitembea na kusomeana walichoandika, mpaka saa tano. Mtumishi wao alisimulia kuwa baada ya Emily kufa walizunguka wawili. Na baada ya Anne, alikuwa akimsikia Charlotte akizunguka peke yake. Meza hiyo ilirudishwa katika nyumba ile, ambayo ni makumbusho tangu mwaka 1928, mwaka 2015.

Akiwa katika hali hiyo aliimaliza Shirley, iliyotoka mwaka 1849. Shirley lilikuwa jina la kiume. Yeye alimpa msichana wa hadithi, na tangu hapo Waingereza wakawaita mabinti zao jina hilo. Mwaka 1853 ikatoka Villette, na mimi nasema bila ya kuogopa wapenzi wa Jane Eyre kuwa hiyo ndiyo iliyopikwa ikaiva. Ina mwanamke mpweke tu, ugenini, anayefundisha.

Alipokuwa na miaka 36, Arthur Bell Nicholls, msaidizi wa baba yake kanisani, alimposa. Mzee Patrick akapandwa na hasira, posa ya maskini kwa binti maarufu kama huyo! Nicholls akaondoka kijijini. Lakini subira ilishinda, na ndoa ikafungwa tarehe 29 Juni 1854. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mzee alikataa kwenda kanisani kumtoa bintiye. Wakafungua kitabu cha ibada, wakaona hakikusema lazima awe baba, basi aliyemtoa bibi harusi ni Margaret Wooler, mwalimu wake wa zamani. Hakika masheikh wetu wangekuwa na la kusema juu ya walii huyo!

Lipo na jingine. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilikuwa mwanamke akiolewa, fedha zake na chumo lake huwa la mume, na haikuanza kubadilishwa mpaka mwaka 1870, kisha 1882. Waislamu tulijua haki ya mke juu ya mali yake karne nyingi kabla, ingawa kuijua na kuitekeleza ni mambo mawili. Charlotte hakungoja Bunge. Kabla ya ndoa aliziweka akiba zake, zaidi ya pauni 1,600, katika mkono wa mdhamini, mume asiweze kuzigusa. Na mwezi wa Februari 1855, akiwa kitandani mgonjwa, baada ya kumjua mtu aliyeolewa naye, aliandika wasia mpya wa kumwachia mumewe kila kitu iwapo hataacha mtoto. Alifariki tarehe 31 Machi 1855, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 39. Inaaminika alikuwa mjamzito. Nicholls alibaki katika nyumba ile akimtunza mzee aliyekuwa amempinga, miaka sita, mpaka mzee alipokufa mwaka 1861 akiwa na miaka 84, watoto wote sita wamemtangulia.

Maisha yake yaliandikwa na Elizabeth Gaskell, mtunzi mwenzake na rafiki yake, katika kitabu kilichotoka mwaka 1857, na ule mswada wa kwanza uliokataliwa na kila mtu, The Professor, ulichapishwa mwaka huo huo.

Mwaka 1939 liliwekwa bamba la kumbukumbu ya dada hao watatu katika kanisa la Westminster Abbey, London, pembe walimokumbukwa washairi wakubwa wa Kiingereza. Majina yaliandikwa ya kweli, si ya lakabu. Ila zile nukta hazikuwekwa. Likakaa hivyo kwa miaka 85, mpaka Septemba 2024, fundi mwingine alipopelekwa na patasi yake akazichonga, mbili juu ya kila jina.